Dereva Mkuu wa Gari Langu

Kama mlikuwa nami juma lililopita, mnakumbuka niliwaacha jikoni kwa mjomba, simu yake mkononi mwangu na damu ikinichemka.

Kwa aliyeingia leo nitafupisha, maana hasira niliyonayo hainipi nafasi ya kuremba.

Nina miaka ishirini na mbili. Marehemu baba aliniachia gari dogo jeupe lenye bampa lililofungwa kwa waya. Nikapata kazi ya kubeba sampuli za damu kutoka kliniki hadi maabara, kwa sharti moja: gari liwe na bima kubwa. Bima ikikatika hata siku moja, kazi hakuna.

Leseni ilinitoa jasho. Anayejifunza lazima akae na mtu mwenye leseni, na ukoo mzima ulimnyooshea kidole mjomba, kaka yake mama. Miaka thelathini ya leseni bila mkwaruzo hata mmoja! Tunamwita Rekodi Safi, naye anaitikia bila haya. Miezi sita alikaa pembeni yangu akipiga dashibodi kwa kiganja. "Kwenye kona kanyaga klachi, gari lipumue!" Nikakanyaga. Nikafeli mtihani mara tatu, na mara zote ilikuwa kwenye kona. Mtahini wa mwisho aliniuliza nani alinifundisha kuliachia gari namna ile. Niliona aibu kumtaja mjomba wangu. Nikajilipia wiki mbili kwa mwalimu wa shule ya udereva, nikafaulu.

Kisha bima. Wakala aliangalia umri wangu, akaangalia leseni yangu iliyokuwa bado inanuka wino, akanitajia bei iliyokaribia bei ya gari lenyewe. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akainama na kushusha sauti.

"Nyumbani una mtu mzima mwenye leseni ya siku nyingi? Mwandike yeye dereva mkuu. Wewe jiandike dereva wa ziada. Bei itashuka zaidi ya nusu."

Nikamwandika mjomba. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na naukiri mapema kabla sijaanza kutukana watu.

Kwa kuwa dereva mkuu ni mjomba, gari linalala uani kwake. Kwa kuwa mimi ni kijana, kampuni ilifunga kisanduku cheusi chini ya usukani. Kinahesabu mwendo, kona na breki za ghafla, na kila Jumapili kinatoa alama juu ya mia. Alama zinaingia kwenye simu ya dereva mkuu. Zikishuka chini ya hamsini, bima inafutwa.

Nilianza na themanini na nane. Sasa nilikuwa na hamsini na moja, na mjomba alikuwa anazisoma kwa sauti mbele ya kila mgeni.

Haya, turudi jikoni.

Mjomba alikuwa bafuni. Mkaza mjomba, yaani mkewe, alinipa simu iliyokuwa inalia. "Mpokelee mjomba wako." Simu ikakata kabla sijaipokea, nikaona kilichokuwa kimefunguliwa: alama zangu, siku kwa siku. Hilo mjomba hakuwahi kunionyesha.

Jumatatu hadi Ijumaa, safi. Jumamosi, saa nne hadi saa tano asubuhi: breki za ghafla kumi na saba.

Jumamosi siendi kliniki. Jumamosi nashinda maabara nikiosha vikasha vya barafu, na maabara naenda kwa miguu!

Nikatazama ramani. Gari lilizunguka mahali pamoja, kwenye uwanja mtupu nyuma ya karakana ya mbao, mstari juu ya mstari kama uzi uliochezewa na paka. Na katika saa nzima halikuvuka mwendo wa mtu anayekimbia.

"Nani kakupa simu yangu?" Mjomba alikuwa mlangoni, taulo begani.

"Jumamosi nani anachukua gari langu?"

"Gari lako?" Akaninyang'anya simu. "Karatasi ya bima inasemaje? Dereva mkuu nani?"

"Wewe."

"Basi dereva mkuu haulizwi. Wewe shughulika na breki zako. Unaendesha kama mtu aliyekalia siafu."

Akilini nilikuwa nimekwisha kumhukumu: mzee huyu anakodisha gari la baba yangu kwa watu wanaojifunza, anakula hela, na alama mbaya ananibandika mimi.

Jumamosi iliyofuata nikampigia meneja wa maabara, nikamwambia tumbo linanisokota. Uongo wa pili. Saa nne nilikuwa nyuma ya karakana ya mbao, nimejibanza kwenye ukuta.

Gari langu lilikuwa pale. Lilikuwa linarukaruka na kuzima, linarukaruka na kuzima. Pembeni alikaa mwalimu wangu, yule yule wa wiki mbili, ameshika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili.

Nyuma ya usukani alikuwa mjomba.

Madirisha yalikuwa wazi, nikamsikia mwalimu anasema kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mzee, nakuomba kwa mara ya ishirini. Kwenye kona usikanyage klachi. Gari halihitaji kupumua."

Miezi sita ya kupigiwa makelele. Mitihani mitatu niliyotoka nikilia. Na aliyekuwa ananipigia makelele hajui kuendesha gari!

Nikatoka nilikojificha.

"Shikamoo, Mjomba."

Gari likazima lenyewe. Mwalimu aliniona, akamtazama mjomba, akafungua mlango na kushuka. "Mimi nina mwanafunzi mwingine," akasema, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mtu mwenye akili.

"Unanifuatilia?" Mjomba akaanza yeye. Ndivyo alivyo, akikukosea lazima awe wa kwanza kukasirika.

"Leseni uliipata wapi?"

"Usinitolee uvivu, wewe binti."

"Uliipata wapi?"

Akazungumza akitazama usukani, si mimi. Miaka thelathini iliyopita walimwambia kazini kwamba karani wa stoo hapandi cheo bila leseni. Rafiki yake wa ofisi ya leseni akamwandikia. Cheo akapata. Kuendesha akaahirisha. Kila mwaka akaahirisha, huku akiwaambia watu kwamba gari ni gharama tupu.

"Kwa hiyo rekodi ni safi kwa sababu hujawahi kuliwasha!"

"Sikugonga mtu. Wewe unataka nini zaidi?"

"Kwa nini unajifunza sasa hivi, tena na gari langu, tena na alama zangu?"

"Kwa sababu yako!" Akapiga dashibodi kwa kiganja, kama zamani. "Wakala wako aliniambia dereva mkuu anaweza kuitwa siku yoyote akakaguliwa. Usiku silali. Uliniandika wewe, mimi sikujiandika."

Nakiri, hapo nilitaka kumwonea huruma. Ilidumu kama pumzi moja.

"Na ukifungua mdomo," akaendelea, "bima iko kwa jina langu. Kesho asubuhi naifuta, uone hiyo damu ya watu utaibeba kichwani."

"Nami nitamwambia mkeo. Nitamwambia mama. Nitaliambia duka zima la mtaani kwamba Rekodi Safi ni tambara jeupe lisilowahi kupangusa kitu!"

Macho yakamtoka. Akawasha gari. Peke yake, bila mwalimu, kwa hasira, ili tu asiendelee kunisikiliza.

Gari likaruka, likashika njia kuelekea geti. Kwenye geti pana kona, na baada ya kona pana mteremko. Nilimwona bega la kushoto likishuka, nikajua mguu umezama kwenye klachi ili gari lipumue.

Likapumua kweli. Liliteremka bila kushikwa na injini, likajiegemeza kwenye rundo la mbao upande wa dereva. Taa moja ikapasuka. Mbao zikamiminika juu ya paa moja baada ya nyingine, taratibu.

Kutoka kwenye simu mfukoni mwa mjomba sauti ya kike ya upole ikasema: "Tumegundua mgongano. Je, dereva yuko salama?"

"Dereva yupi?" nikaiuliza.

Mlango wake ulikuwa umebanwa na mbao. Akapanda juu ya gia, akatambaa, akatokea mlango wa pili akiwa amechanika suruali. Nilikuwa nimefika. Akanitazama, akatazama karakana, kisha akanirushia funguo.

Nikazidaka.

Sikufikiria. Mtu akikurushia kitu unakidaka. Na sekunde hiyo hiyo mwenye mbao akatoka mbio, penseli sikioni, akaona alichokiona: mzee kasimama mlango wa abiria anajipangusa, na msichana ameshika funguo.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Mjomba alinionyesha kwa kidevu.

Jumapili mama alinipigia simu. Habari ilikuwa imeshamfikia, na imefika ikiwa imevaa nguo za mjomba.

"Mwanangu, kubali tu. Mjomba wako ni mtu mzima."

"Mama, sikuwa ndani ya gari!"

"Mbao zimeanguka zenyewe?"

"Alikuwa anaendesha yeye."

"Mtu wa miaka thelathini bila mkwaruzo agonge mbao? Usimpake kaka yangu matope. Alikaa na wewe miezi sita bure."

Bure! Nilikata simu. Ni mara ya kwanza kumkatia mama simu, na nililia baadaye, lakini nilikata.

Jumatatu saa mbili asubuhi mkaguzi wa bima akaingia uani kwa mjomba. Mama mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, daftari kwapani. Saa tatu mimi nilitakiwa kliniki ya kwanza, na meneja alikuwa ameshauliza mara mbili kama tumbo limepona.

Mkaza mjomba alimletea kiti na chai. Mkaguzi alikikalia kiti, chai hakuigusa.

"Sina maneno mengi," akasema. "Mwenye mbao anataka alipwe. Kisanduku kinasema gari liligonga Jumamosi saa nne na dakika arobaini. Hakisemi nani aliligongesha. Kwa hiyo nauliza. Kama ni mzee, hilo ni jambo dogo. Mtu wa miaka thelathini ya leseni kakosea mara moja. Tunalipa mbao, tunanyoosha mlango, bima inaendelea. Mzee atapoteza punguzo lake, na kwenye rekodi yake itaandikwa ajali moja."

"Na kama ni mimi?"

"Leseni changa, alama hamsini na moja, kisha ajali? Bima inafutwa leo, kabla chai hii haijapoa."

Nikamgeukia mjomba. Neno moja tu lilihitajika. Mimi ningeachwa, na saa tatu kamili ningekuwa kliniki na kikasha changu cha barafu. Yeye angepoteza nini? Ajali moja kwenye karatasi.

"Mjomba, sema."

"Nilishasema. Aliendesha mpwa wangu. Nimemlea, inaniuma, lakini siwezi kusema uongo mbele ya mama wa watu."

Mkaza mjomba akatikisa kichwa kwa masikitiko, na masikitiko yote yalikuwa juu yangu. "Ajali moja! Mume wangu? Aanze leo?"

Sasa mnielewe nilivyofungwa. Nikisema mjomba hajui kuendesha, mwalimu yupo, atathibitisha. Lakini dereva mkuu asiyejua kuendesha maana yake fomu yote ni uongo, na fomu niliijaza kwa mkono wangu. Bima inafutwa. Nikinyamaza, nimegonga mimi. Bima inafutwa. Kazi yangu ilikuwa imebaki na njia moja tu: mjomba akiri kwamba aliendesha, na aendeshe kama mtu aliyezaliwa na usukani.

"Sikuwa mimi," nikasema. "Alikuwa yeye. Dereva mzuri tu aliyepatwa na bahati mbaya."

Mjomba alinitazama kama nimemtemea mate. Hata sifa ilimuuma.

Mkaguzi akafunga daftari. "Mmoja wenu ananipotezea muda. Kisanduku hakioni sura ila kinajua miguu. Kila mtu ana namna yake ya kukanyaga. Mtaendesha wote wawili, njia moja: mteremke hadi karakana ya mbao, mgeuze, mrudi. Mimi nitakaa nyuma na kulinganisha na Jumamosi. Mzee, wewe kwanza."

Kijasho chembamba kikamtoka mjomba juu ya mdomo.

"Waonyeshe, baba watoto!" Mkaza mjomba alipiga makofi. Majirani wawili walikuwa wameshachungulia juu ya uzio.

Mjomba akaenda upande wa dereva, akavuta mlango. Haukufunguka. Akasahau kwamba umebanwa, akavuta tena.

"Ndiyo," mkaguzi akasema, akiandika. "Nimeona hapo. Kwa hiyo dereva wa Jumamosi alitokea mlango wa pili. Mwenye mbao ameniambia ni nani aliyekuwa amesimama mlango wa pili."

Mama huyu alikuwa ameshajua! Kilichobaki ni mjomba kwenda na kurudi bila kujivua nguo, nami nimepona.

Mjomba alipanda juu ya gia mbele ya majirani, mguu mmoja hewani. Nikaruka na kukaa pembeni yake kabla mtu hajanikataza. Mkaguzi alikuwa bado anahangaika na mlango wa nyuma. Mjomba akanong'ona bila kugeuza kichwa.

"Mpwa wangu. Niambie lini."

"Lini nini?"

"Gia. Kila kitu. Niambie."

"Omba vizuri."

"Mtoto mshenzi wewe."

"Shuka basi."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mjomba akafumba macho. "Tafadhali," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia toka kwake, na ningeipenda zaidi kama isingekuja na tishio la kunifukuzisha kazi.

Nikajifanya nakohoa, nikafunika mdomo. "Klachi chini. Moja. Achia pole pole. Pole pole, Mjomba."

Gari likaondoka. Likaondoka vizuri! Tukapita uzio, mkaza mjomba akipunga mkono.

Nikakohoa tena. "Mbili."

Akaingiza ya pili bila kelele. Nyuma yetu kalamu ilikuwa inatembea kwenye karatasi, pole pole, kalamu ya mtu aliyeridhika. Nikaanza kuhesabu dakika za kufika kliniki.

Kumbe nilimsahau mjomba ni nani. Majirani wawili wale walikuwa wamesimama kando ya njia, na mmoja akapaza sauti: "Rekodi Safi!" Mjomba akatoa kiwiko dirishani. Kichwa kikamvimba pale pale.

Kona ya karakana ilikuwa mbele yetu. Baada yake, mteremko. Chini ya mteremko, mwenye mbao alikuwa amepanga rundo lake upya.

"Usiguse klachi," nikasema. Sikukohoa safari hii.

"Usinifundishe gari."

"Mjomba, nakuomba, usiguse—"

Bega lake la kushoto likashuka.

Gari likapumua. Nikalisikia likituachia, vile vile kama Jumamosi, na barabara ikaanza kuja kwetu yenyewe. Mkono wangu ukawa juu ya breki ya mkono. Nikiivuta, kisanduku kitaandika breki ya ghafla, na mkaguzi ataona abiria anaendesha gari la dereva mkuu. Nisipoivuta, mwenye mbao alikuwa pale pale ameinua mikono yote miwili, penseli imemwanguka.

"Ondoa mkono!" Mjomba alinguruma. "Nani anaendesha hapa, mimi au wewe?"

Nyuma yetu kalamu ikasimama.

"Mjibu," mkaguzi akaniambia. "Hilo ndilo lililonitoa ofisini. Nani anaendesha?"